Mtoto ana autizimu, shule imekataa kumchukua, nianzie wapi?

Mama Tutu: Wapendwa naomba msaada, niko Kilifi, mwanangu ana miaka sita, haongei sana lakini anaelewa na simu anaifungua mwenyewe. Hedimasta ananiambia eti hana mwalimu wake nimtafutie shule spesho. Hiyo spesho iko wapi jamani na nani anaamua?

Baharia: Pole mamake. Hedimasta si wa kuamua hilo, sheria ya elimu ya msingi ya Kenya ya 2013 inakataza kumbagua mtoto kwa ulemavu akitafuta nafasi. Nenda kituo cha EARC, yaani cha kupima watoto wenye mahitaji maalum ya elimu, cha kaunti yenu, ulizia ofisi ya elimu watakuelekeza, hao ndio wanampima mtoto kielimu halafu wanaandika ripoti afae wapi: darasa la kawaida, yuniti (darasa maalum) ndani ya shule ya kawaida au shule maalum. Beba cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na ripoti yoyote ya hospitali.

Mwalimu Yuniti: Naongezea hapo, usichanganye na kadi ya NCPWD, lile baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, hiyo inaanzia kwa madaktari wa hospitali ya serikali. Na akiwa hawezi kufuata silabasi ya kawaida kuna mkondo wa hatua kwa hatua, hana presha ya kupanda gredi, anaanza na kula mwenyewe, kufunga vifungo, kuomba maji.

Baharia: Na hedimasta akikataa tena mwambie aandike barua. Wengi hapo hulegea 😂

Mama Tutu: Asanteni sana, Jumatatu niko EARC.