Gourami wa bluu anawatimua wenzake wote kwenye tangi la samaki, nifanyeje?

Sebuleni_AR:
Wakuu habari zenu. Nina tangi la lita 80, ndani kuna gourami wa bluu wawili, guppy na tetra kidogo. Mwanzo walikuwa wapole tu ila sasa yule mkubwa kajimilikisha kona nzima chini ya majani yanayoelea, mwenzake akisogea anatimuliwa mpaka nyuma ya filta, mapezi yameanza kuchanika na chakula hagusi. Guppy nao hawaponi. Halafu huyu mbabe kila saa anapanda juu kuvuta hewa, nimeongeza pampu bado anapanda tu. Maji yana shida au ndo tabia yake? Niuze?

mzee_wa_matangi:
Usiuze kwanza mkuu. Chungulia pale kwenye kona yake, ukikuta povu la vibofu vidogo vidogo limejishika kwenye majani ujue dume kajenga kiota. Mayai yanakaa kwenye hilo povu na dume ndo mlinzi, hata jike mwenyewe akishamaliza kutaga anafukuzwa. Sasa angalia pezi la mgongoni, refu lenye ncha ni dume, fupi la mviringo ni jike. Nahisi una madume wawili, na hawa wenye doa katikati ya ubavu na lingine kwenye shina la mkia (Trichopodus trichopterus) wanafika sentimita 15, lita 80 ni ndogo kwa madume wawili.

Kuvuta hewa wala usihangaike. Ana kiungo juu ya matamvua cha kutumia hewa ya juu, kwao kusini mashariki mwa Asia anaishi mpaka kwenye majaruba ya mpunga maji yaliyotulia hayana oksijeni ya maana. Kambale wetu naye anavuta hewa, ila kiungo chake ni kingine. Ukimzuia asifike juu anakufa humo humo majini, kwa hiyo acha nafasi chini ya mfuniko, na pampu ipunguze, inamvurugia povu bure.

Mama_Guppy:
Naongezea hapo. Mtoe mbabe siku mbili tatu, hamisha mawe na magogo yote, weka mimea mirefu katikati wasionane, ndo umrudishe, atakuta mtaa mgeni. Ila kama ni madume kweli mi ningegawa mmoja, huo ugomvi hauishi. Aliyechanika mtenge, badilisha robo ya maji, ya bomba yalale ndooni usiku kucha au weka dawa ya kuondoa klorini. Na Arusha mwezi wa saba bila hita unawatesa, wanataka nyuzi joto 24 mpaka 28.

kamongo_mza:
Ukishamtoa usije ukaweka beta (samaki mpiganaji) dume humo, ukoo mmoja na ukorofi ule ule, tena huyo ndo Thailand walimfanya samaki wa taifa 2019 😂 Wengi hawajui hata huku Ziwa Victoria ndugu zao wapo, Ctenopoma muriei, ila dukani sijawahi kumwona.

Sebuleni_AR:
Nimemulika na tochi, povu lipo kweli, limetanda kama kiganja hivi. Na huyu mnyonge naye pezi lina ncha 🙆 Nshamhamishia kwenye beseni. Kama kuna mtu Arusha ana tangi lenye majike tu aje PM amchukue, sitaki hela.