Tela la tipa: kikomo kiwe kwenye bawaba, kwenye jeki, au vyuma vigusane vyenyewe?

Mchomeleaji
Wakuu, habari za leo. Nachora tela la trekta la kubebea mchanga kwenye Fusion, programu ya kuchorea mashine kwa kompyuta. Bodi ina bawaba nyuma na jeki moja ya haidroli chini yake. Nikiivuta kwa kipanya inazama ndani ya chasisi, au inapinduka kabisa kwa nyuma. Nataka iinuke nyuzi 45 tu. Nifunge kikomo kwenye jointi (kiungo cha vipande viwili) ya bawaba, kwenye jointi ya kuteleza ya jeki, au niwashe mgusano ili vipande vizuiane?

nati_ya_13
Bawaba, mkuu. Chini 0, juu 45, dakika moja umemaliza.

Fundi Mwinuko
Dakika moja, halafu hasara ya jeki. Mchomeleaji, jeki yako ina mwendo gani, na pini ziko wapi?

Mchomeleaji
Ikifungwa ni mm 700 pini kwa pini, mwendo mm 500. Kutoka bawaba hadi pini ya chasisi mm 900, hadi pini ya bodi mm 1300.

Fundi Mwinuko
Basi pembe ya pale kwenye bawaba, kati ya hizo pini mbili, inaanza kwenye nyuzi 30.8. Jeki ikitoka yote, mm 1200, inafika nyuzi 63. Yaani bodi imeinuka nyuzi 32 tu. Kuzipata 45 unahitaji urefu wa karibu mm 1388, na jeki hiyo huna. Ukiweka kikomo kwenye bawaba, programu itakuinulia hadi 45 bila kinyongo, huku pistoni imechomoka nje ya silinda kwa mm 188. Kikomo kikae pale chuma chenyewe kinapogota, nacho ni jeki. Bawaba itafuata.

nati_ya_13
Sawa, nimekubali. Mimi huwa nachora milango, huko hakuna jeki 😅

Dada Kaliper
Naongezea. Kwenye Fusion sifuri ya jointi ni pale alama zake mbili zinapokutana, si pale jeki inapofungwa. Soma kwanza thamani jeki ikiwa imefungwa, ndipo uandike kikomo cha chini, cha juu kiwe hiyo jumlisha 500. Wengi wanaandika 0 na 500 halafu wanalalamika.
Mgusano nimeujaribu kwenye asembli (mchoro wa vipande vilivyounganishwa) yenye bolti nyingi, kompyuta ikaanza kupumua kama punda mlimani. Uwashe kwa vipande viwili vitatu tu, mwishoni, kuona kama bodi inagonga tairi.

Kijiti
Sisi wa SolidWorks, programu nyingine ya kuchorea, tunatumia “mate” (kifungo cha vipande viwili) ya kikomo, ya umbali au ya pembe. Ya pembe ina tabia ya kugeuka upande usioutaka ukifungua faili upya. Nami nimehamia ya umbali kwenye jeki, kama anavyosema Fundi.
Asiye na hela ya leseni, programu ya bure ya FreeCAD, toleo la 1.0 la Novemba 2024, imekuja na asembli yake ndani, na jointi zake zinakubali kikomo cha chini na cha juu.

Dada Kaliper
Halafu usizifanye pini zote za jeki kuwa jointi za kuzunguka. Ukikosea hata mm 2 upande mmoja, mnyororo wa jointi haufungi na utaletewa kosa. Weka jointi za tufe (“ball”), zinazogeuka kila upande, kwenye ncha mbili za jeki. Itajizungusha kwenye mhimili wake, usishtuke.

Mchomeleaji
Nimefanya. Imegota kwenye 32 kweli. Ningekata chuma kwanza ningelia. Sasa nifanyeje nizipate 45 kwa jeki hii hii?

Fundi Mwinuko
Sogeza pini karibu na bawaba: ya chasisi mm 700, ya bodi mm 900. Inakupa kama nyuzi 46. Ila jeki itasukuma kwa nguvu zaidi, na pini ya chini itashuka kama sm 7.

Mchomeleaji
Imeshuka, na sasa inagusa ekseli. Narudi kwenye karatasi.