Waranti ya miaka saba kwenye gari jipya: kinga au kamba ya kumfungia mteja?

Mtoto wa Kinondoni
Wakuu, habari za jioni. Nimejikusanya miaka sita, nina milioni sabini na kidogo. Njia ni mbili. Ya kwanza, kigari kipya cha Kikorea, zero kilometa, kwa wakala hapa hapa Dar, waranti miaka saba au kilometa 150,000, kitakachotangulia. Ya pili, Toyota ya mtumba kutoka Japani kwa milioni thelathini na ushee, inayobaki nipandishe msingi kule Kibaha. Mama watoto anataka kipya. Mimi kinachonivuta ni hiyo miaka saba tu. Aliyewahi kuitumia waranti kweli, yaani kitu kimekufa na wakamtengenezea bure, naomba aseme. Sitaki kejeli.

Mzee wa Spana
Umesema hutaki kejeli, nitajitahidi. Hiyo karatasi isome nyuma, si mbele. Tairi haimo. Pedi za breki hazimo, waipa hazimo, betri ina muda wake mfupi. Yaani kila kinacholiwa na barabara zetu kiko nje. Vilivyobaki ndani ni vile ambavyo kwenye gari zima havifi kabla ya miaka saba. Ni kumkatia bima ya mafuriko mtu anayekaa Lushoto juu mlimani.

Mhasibu Mstaafu
Tuweke hesabu mezani. Jirani yangu analo la hivyo. Sevisi kila kilometa 10,000, lazima kwa wakala, laki nne na nusu. Fundi wangu ananifanyia kwa laki moja na nusu, oili na filta humo humo. Hadi 150,000 ni sevisi kumi na tano, kwa hiyo unazidishiwa milioni nne na nusu. Hiyo ndiyo bei ya waranti, haiko kwenye ankara lakini utailipa. Halafu kwa mizunguko ya Kinondoni na Posta, kilometa 12,000 kwa mwaka, miaka saba inaisha ukiwa 84,000. Karibu nusu ya kilometa ulizoahidiwa hutaziona. Mimi nina Toyota IST mwaka wa tisa, nimebadili bushi na shokapu tu.

Dada wa Masaki
Kwa heshima zote, mtu wa IST asitufundishe waranti. Hajawahi kuwa nayo.

Namba C Haifi
Samahani dada, IST imekukosea nini? Mimi nimepeleka watoto watatu shule kwa IST, nimeenda Arusha na kurudi, nimebebea saruji. Wewe hilo lako limewahi kubeba nini zaidi ya pochi?

Dada wa Masaki
Limebeba heshima. IST ni Vitz iliyotiwa hamira.

Mzee wa Spana
Hapo kwa ufundi hajakosea, chasisi zilitoka ukoo mmoja. Lakini injini ya IST, ile ya 1NZ, ina cheni, haina mkanda wa taiming wa kukatikia njiani. Marekani IST waliiuza kwa jina la Scion xA, na wazungu waliiendesha bila aibu.

Namba C Haifi
Asante mzee. Kumbe hata Marekani ipo. Dada umesikia?

Mtoto wa Kinondoni
Wakuu, mimi niliuliza waranti.

Mngoni wa Songea
Umeuliza aliyeitumia, mimi nilijaribu. Gari nilichukua jipya Dar, wakala simtaji. Kwenye 41,000 gia ikaanza kugoma kuingia, ukikanyaga mafuta injini inalia gari haiendi, kama punda aliyekataa mzigo. Napiga simu, naambiwa ilete. Ilete wapi? Karakana yao iko Dar, mimi niko Songea, karibu kilometa elfu moja. Kuibeba kwa lori nimelipa mwenyewe. Nimefika, kijana wa mapokezi kafungua kitabu cha sevisi, kapitisha kidole muhuri kwa muhuri, kakifikisha kwenye wa 30,000. "Hapa ulikuja ukiwa na 31,300." Kafunga kitabu taratibu, kanisogezea kwenye kaunta kama mtu anayerudisha chenji. Ilikuwa imeisha hapo. Kilometa 1,300 zile nilikuwa msibani Mbinga, gari ndiyo iliyokuwa ikibeba watu.

Bibi Harusi wa Mabibo
Pole sana kaka. Lakini wewe ulijua masharti, ukachelewa. Mkataba ni mkataba.

Mngoni wa Songea
Ningemwambia marehemu asubiri nikapige muhuri?

Mzee wa Spana
Huyo dada hajafiwa bado, msameheni.

Bibi Harusi wa Mabibo
Nimefiwa na wazazi wote wawili, usinizoee.

Mzee wa Spana
Naomba radhi, mwanangu. Nimeteleza.

Mswahili wa Leicester
Huku Uingereza hawakubani hivyo. Sheria ya huku inakuruhusu kufanya sevisi gereji yoyote, mradi ratiba na viwango vya mtengenezaji vifuatwe na utunze risiti. Kia wanatoa miaka saba au maili 100,000, na ukiuza gari waranti inamfuata mnunuzi. Toyota wao kila ukifanya sevisi kwao wanakuongezea mwaka mmoja, hadi miaka kumi. Kwa hiyo waranti ndefu ni nzuri, tatizo ni huko kwenu.

Namba C Haifi
"Huko kwenu." Kaondoka juzi na begi la dagaa.

Mswahili wa Leicester
Nimeondoka 2004, na dagaa ni wa Mwanza, wamenilisha wiki mbili. Jibu hoja.

Mkaka wa Houston
Hoja hii hapa. Huku Hyundai walianza waranti ya miaka kumi au maili 100,000 kwa injini na gia mwaka 1999, kama sikosei. Na walianza kwa sababu magari yao yalikuwa yanachekwa. Waranti ndefu ni kiapo cha mtu ambaye haaminiwi.

Mswahili wa Leicester
Walitangaza 1998. Na ilisaidia, mauzo yalipanda.

Mkaka wa Houston
98 basi, umeshinda. Ila ile miaka kumi ni ya mnunuzi wa kwanza tu, wa pili anashushwa hadi mitano au maili 60,000. Na kuna zile injini zao Hyundai za Theta II zilizokuwa zinakwama na nyingine kushika moto. Ilipofika 2019 kesi ya wateja ikaisha kwa kampuni kukubali waranti ya maisha kwenye injini hizo. Sasa niambieni, injini iliyopewa waranti ya maisha ni nzuri au mbaya?

Mhasibu Mstaafu
Swali zuri hilo. Nami nimejikagua: kama mwenye uzi ataishia 84,000, sevisi ni nane, si kumi na tano. Anazidishiwa milioni mbili na laki nne, si nne na nusu. Giaboksi moja kwa wakala inazidi hiyo. Kwa hiyo nimelegeza msimamo kidogo.

Njoro wa Nakuru
Nyinyi mnasahau mafuta. Hapa Kenya miaka ile dizeli ilikuwa inachanganywa na mafuta ya taa hadi serikali ikaweka tozo ya shilingi kumi na nane kwa lita ya mafuta ya taa, 2018. Injini ikifa, wakala anachota mafuta kwenye tangi, anapima, anakuambia shida si gari. Utamshtaki nani, kituo cha petroli?

Namba C Haifi
Sisi tulishatoka huko, EWURA, wadhibiti wa mafuta, waliweka vinasaba vya kugundua mafuta yaliyochanganywa tangu 2010. Chakachua ilikuwa zamani.

Njoro wa Nakuru
Neno mlilitunga nyinyi lakini. Na hata mtumba mnaingiza wa umri wowote mradi mtu alipe kodi ya uchakavu. Sisi ikizidi miaka minane bandari ya Mombasa haiipokei.

Namba C Haifi
Ndiyo maana gari zenu ghali. Mnakuja kuangalia IST zetu Namanga mnameza mate.

Njoro wa Nakuru
IST nyote mmeifanya mke wa pili.

Dada wa Masaki
Nilisema mimi.

Fundi Juma Buguruni
Mimi naishi kwa hizo IST, naomba msizitukane. Lakini niseme kweli, gari yenye waranti ikija kwangu nairudisha. Nikifungua boliti moja tu mwenye gari kaumia, wataniita mimi sababu. Mteja mmoja alifunga redio kubwa na taa za rangi kwa kijana wa mtaani, nyaya kaunga kwa selotepu. Umeme ulipoanza kuchanganyikiwa wakala alipiga picha ile selotepu, mjadala ukaisha. Na gari ya Japani nayo ilikuwa na waranti yake, miaka mitatu au kilometa 60,000, injini na gia mitano au 100,000. Iliachwa kule kule.

Bibi Harusi wa Mabibo
Mafundi nanyi hamna usafi. Mlinibadilishia plagi nzuri mkaniwekea za zamani.

Fundi Juma Buguruni
Mimi?

Bibi Harusi wa Mabibo
Mafundi kwa ujumla.

Fundi Juma Buguruni
Basi mwambie huyo wa ujumla.

Mtoto wa Kinondoni
Nimerudi. Leo nimeenda kwa wakala na swali la Mngoni: nikichelewa sevisi kwa kilometa elfu moja? Kijana kacheka, kasema "tunaangalia mteja na mteja". Nikamwomba aniandikie hivyo. Kasema bosi yuko safari.

Mngoni wa Songea
Bosi huyo yuko safari tangu 2021.

Mhasibu Mstaafu
Basi ulizia na bei ya giaboksi nzima, na itafika baada ya siku ngapi ikiagizwa. Hapo ndipo pa kuamulia, kijana wangu.

Namba C Haifi
Wakuu, tukiwa bado tumo humu, kuna mwenye taa ya nyuma ya IST, upande wa kushoto? Yangu waling'oa jana Kariakoo, na namba ya gari nilikuwa nimeichonga juu yake.

Dada wa Masaki
Kumbe zinaibiwa hata hizo?

Fundi Juma Buguruni
Njoo Buguruni kesho asubuhi, ninayo. Ina mchoro kidogo.

Namba C Haifi
Mchoro wa namba gani?