Mfuko wa Dawa za Bibi (Kikundi: Ukoo wa Bi Mwajuma, Ujiji)

Ijumaa, saa 1:40 jioni

Zuberi: Assalamu alaykum wakubwa zangu. Nimerudi na bibi kliniki ya presha. Imekataa kushuka, leo 178 kwa 96. Huu ni mwezi wa pili. Nesi kauliza kama dawa anameza, nikamwambia anameza, mimi mwenyewe ndiye ninampa. Halafu miguu imevimba, kandambili zinaacha alama.

Shangazi Zaituni: Waalaykum salaam. Yaa Rabbi. Chumvi hiyo Zuberi. Hao dagaa wa kukausha mnaompikia.

Zuberi: Shangazi chumvi tulishapunguza zamani. Siku hizi anakula mgebuka mbichi wa kuchemsha, na ugali.

Ba'mdogo Hamisi: Ni umri tu jamani, miaka 74 si mchezo. La kushukuru magoti yametulia. Juzi kaenda sokoni kwa miguu na kurudi.

Nuru: Shikamooni. Ba'mdogo, magoti yametulia kwa dawa gani?

Ba'mdogo Hamisi: Marahaba mama. Zile diklopa. Niliandikiwa mimi nilipoanguka na pikipiki Gungu, zikabaki, nikampa mama. Zilipoisha namtumia hela ananunua duka la hapo barabarani.

Nuru: Tangu lini?

Ba'mdogo Hamisi: Mwezi wa tatu huu.

Nuru: Zuberi mdogo wangu, mfuko wa dawa za bibi umwage wote mezani unisomee kila kitu. Hata kipande cha paketi usikiache.

Zuberi: 📷
Losartan 50. Hydrochlorothiazide 25, hii ya kukojoa. Diklopa, kwa nyuma imeandikwa diclofenac 50 na paracetamol 500. Brufen 400. Panadol.

Nuru: Brufen ya nani?

Zuberi: Yake. Usiku kiuno kikimsumbua nampa moja. Diklopa asubuhi na jioni. Panadol kichwa kikiuma.

Nuru: Nitaandika kirefu, mnivumilie. Mimi kazi yangu kutoa dawa dirishani, na watu kama bibi nawaona kila wiki hapa Kasulu.

Diklofenaki na Brufen ni ndugu wa tumbo moja. Majina tofauti, kazi ile ile, na madhara yanajumlishana. Havimezwi pamoja hata siku moja.

Sasa kwa nini presha. Mwili unatengeneza kitu kinaitwa prostaglandini. Goti likiumia, hiyo ndiyo inaleta maumivu na uvimbe. Lakini hiyo hiyo ndiyo inalinda ngozi ya ndani ya tumbo, na ndiyo inasaidia damu iingie vizuri kwenye figo. Kidonge hakijui goti liko wapi. Kinaizuia mwili mzima. Figo zikikosa damu ya kutosha zinashika maji na chumvi, miguu inavimba, presha inapanda. Dawa zake mbili za presha, losartan na ile ya kukojoa, nazo zinafanya kazi kupitia figo hizo hizo. Mtu mzima akimeza zote tatu kwa pamoja, figo zinaweza kuchoka kimya kimya bila dalili yoyote.

Zuberi, wewe dawa za presha ulikuwa unampa vizuri. Kuna kidonge kingine kilikuwa kinazivuta nyuma.

Ba'mdogo Hamisi: Kwa hiyo mimi ndiye ninayemuumiza mama yangu.

Nuru: Ba'mdogo, ulimwona mama anaumwa ukampa ulichokuwa nacho. Ila niambie, wewe dokta alikuandikia siku ngapi?

Ba'mdogo Hamisi: 5.

Nuru: Siku 5, kwa mtu wa miaka 46 asiye na presha wala dawa nyingine. Dokta aliangalia mwili wako. Wa bibi hakuuona.

Shangazi Zaituni: Basi si achomwe sindano? Mimi mgongo wangu nilichomwa diklo, na sindano haipiti tumboni.

Nuru: Hapana shangazi. Hili watu wengi wanalikosea. Tumbo haliumizwi tu na kidonge kulala juu yake, linaumizwa na dawa ikishaingia kwenye damu. Ukichoma takoni inafika tumboni na kwenye figo vile vile. Ndiyo maana na kumeza baada ya kula kunapunguza kichefuchefu na kuungua, lakini hakuzuii vidonda vya tumbo.

Shangazi, na kuna swali naomba umuulize wewe, mimi kwa simu naona haya. Choo chake kikoje? Cheusi kama lami? Na tumbo?

Shangazi Zaituni: Naenda kwake sasa hivi.

Saa 2:25 usiku

Shangazi Zaituni: Nimekaa naye. Choo cha kawaida alhamdulillah. Ila anasema chembe ya moyo inamuunguza wiki ya tatu hii. Hakusema, hakutaka kutuhangaisha. Na diklopa ya asubuhi anameza kabla ya chai.

Zuberi: Hilo hata mimi sikulijua 😢

Nuru: Mungu ambariki bibi yetu. Zuberi, usiku huu diklopa na Brufen zitoke kwenye ule mfuko. Za presha asiache hata moja. Kesho asubuhi apelekwe hospitali ya Maweni, msingoje Jumatatu, na mfuko wote mwende nao, hadi paketi tupu. Waambieni kwa kinywa: miezi mitatu diklofenaki, na Brufen usiku. Mwombe wapime figo kwa damu. Waelezeni pia tumbo, kuna dawa ya kupunguza asidi wanaweza kumpa.

Usiku huu huu, akitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au choo kikawa cheusi kinachonata, au akaishiwa nguvu na jasho la baridi, hakuna kusubiri asubuhi. Na asipolalamika tumbo msijione mko salama, mtu mzima anaweza kuvuja damu ndani bila maumivu.

Zuberi: Na goti likimuamsha usiku?

Nuru: Bibi ana kilo ngapi?

Zuberi: 61, wamepima leo.

Nuru: Panadol 2 za 500, mara tatu kwa siku, basi. Leo kama jioni alishameza diklopa, ngoja saa 6 zipite, kwa sababu ndani yake mna paracetamol tayari, ndiyo hiyo hiyo Panadol. Mlikuwa mnampa dawa moja mara mbili bila kujua. Taulo la maji ya uvuguvugu pia linamsaidia. Kuna jeli ya kupaka gotini, inaingia kidogo sana kwenye damu, lakini hiyo muulizeni dokta kwanza maana presha yake bado iko juu.

Saa 3:10 usiku

Shamimu: Wifi Nuru samahani. Na mimi niliumwa mgongo wiki iliyopita, nikachukua vidonge viwili vya diklopa kwenye mfuko wa bibi. Mimba yangu miezi saba.

Nuru: Ulimeza siku moja tu?

Shamimu: Siku mbili, kimoja kimoja. Nimeogopa sana kusoma haya.

Nuru: Umefanya vizuri kusema, wifi. Vidonge viwili havimaanishi mtoto ameumia. Lakini usirudie kabisa. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kupunguza maji yanayomzunguka mtoto, na mimba ikiwa kubwa kama yako kuna mshipa karibu na moyo wa mtoto unaweza kujifunga kabla ya wakati wake. Kesho nenda na bibi, uingie kliniki ya wajawazito uwaambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Mtoto anacheza?

Shamimu: Anacheza. Hata sasa.

Nuru: Alhamdulillah.

Ba'mdogo Hamisi: Nipo Kibirizi, siendi ziwani leo. Alfajiri nakuja na bajaji, nawapeleka mwenyewe wote wawili.

Jumamosi, saa 8:50 mchana

Ba'mdogo Hamisi: Tumetoka. Figo zimeanza kuchoka kidogo, dokta anasema tumewahi, zinaweza kurudi kwa kuwa dawa zimesimamishwa. Presha 170. Amempa omeprazole ya tumbo, kipimo cha damu kirudiwe baada ya wiki mbili. Shamimu kasikilizwa, moyo wa mtoto unadunda vizuri. Jumatatu anapimwa maji kwa ultrasaundi.

Nuru: Allahu Akbar. Ahsante Ba'mdogo.

Ba'mdogo Hamisi: Nimepita na pale dukani. Kijana nimemwambia mama yangu ana presha, asimuuzie tena hizo hata nikimtuma mimi. Akaniuliza na mimi, kwa nini hukusema mapema. Kaandika jina la mama kwenye daftari lake.

Shangazi Zaituni: Mama kala uji, kalala. Zuberi ya mchana umempa?

Zuberi: Nimempa saa 8, mbili. Inayofuata saa 2 usiku. Nimeandika ukutani.