Uvimbe kinenani kwa mtoto, akilia unatokea akilala unapotea

mama_mchanga: Jamani naombeni msaada, mwanangu wa kiume ana miezi mitatu, ana kiuvimbe kinenani upande wa kulia, akilia kinatuna akilala hukioni kabisa. Bibi yake anasema ni ngiri tu itajifunga yenyewe, nimkandamize na sarafu nifunge kitambaa. Kweli?

nesi_wa_zamu: Dada usifunge kitu hapo. Inayojifunga ni ya kitovu, hiyo mara nyingi inaisha yenyewe kabla ya miaka 4 au 5 (na hiyo nayo sarafu haisaidii chochote). Ya kinena haijifungi, ni njia iliyotakiwa kuzibika ikabaki wazi, utumbo unashukia humo, dawa yake ni upasuaji na kwa kichanga hawachelewi maana ndio wanaobanwa utumbo kirahisi. Mpeleke wiki hii hii. Ila ukiona uvimbe umekuwa mgumu, haurudi, analia habembelezeki, au anatapika hasa matapishi ya kijani, hapo usisubiri kukuche, kimbia hospitali.

baba_pacha: Mpige picha na simu akiwa analia, maana mkifika kwa daktari uvimbe unajificha na mnaonekana mnasingizia 😅

mama_mchanga: Asanteni. Na nikimulika tochi si nitajua kama ni maji tu?

nesi_wa_zamu: Usiiamini tochi, utumbo wa kichanga nao unapitisha mwanga. Mwachie daktari aupapase.