Bodaboda chini ya miaka 25 wasibebe abiria? Ati ubongo wa mbele haujaiva

mwana_wa_ngambo: Assalaam aleikum jamani. Jana barazani kwetu tumebishana mpaka kahawa imepoa. Mzee mmoja kasema kijana wa bodaboda asiruhusiwe kubeba abiria mpaka afike miaka 25, kwa sababu ile sehemu ya ubongo ilokaa nyuma ya paji la uso ndo ya mwisho kukomaa, na hiyo ndo inomzuia mtu asifanye la kwanza linomjia kichwani. Mie naona ana hoja. Nyie mnasemaje?

Boda_Mkunazini: Mie nna 22, naendesha toka nna 19, sijaangusha mtu hata mmoja alhamdulillah. Huyo mzee wako juzi nimemuona Darajani anavuka barabara na simu sikioni, ubongo wake wa mbele ushaiva au ushaungua?

mwana_wa_ngambo: Humjui hata huyo mzee!

Boda_Mkunazini: Wote wanavuka hivohivo.

Bi_Mwalimu: Mie nimesomesha baiolojia miaka mingi, niruhusuni kidogo. 25 si mstari wa chaki, ubongo hauamki asubuhi ya siku ya kuzaliwa ukasema leo nimekomaa. Sehemu ile, prifrontali, inaendelea kujengeka mpaka ndani ya miaka ya ishirini, kidogokidogo, kila mtu na mwendo wake. Na kazi yake si breki tu kama mnavodhani, kazi kubwa ni kushika lengo kichwani na kugeuza mambo yakigeuka. Watazameni watalii wanokodi skuta Paje. Mtaliana maisha yake yote kazoea kulia, hapa kushoto. Njia ikinyooka anakwenda vizuri, akifika kwenye kona tu mkono unarudi Roma. Pale ndo prifrontali inatakiwa imkumbushe leo ni kushoto. Kuna wataalamu wawili, Miller na Cohen, mwaka 2001 waliifananisha na yule anogeuza reli ili treni ishike njia nyengine.

karafuu_mbichi: Mwalimu, kwa heshima, mfano wa treni sie watu wa Pemba hautufai, hatujaiona toka tuzaliwe. Kila kitu mifano ya watu wa bara.

Malindi_kwetu: Wa bara wapi? Nyie hamjaiona, Unguja tulikuwa nayo bwana! Treni ya Bububu, 1905, inatoka pale Ngomeni mpaka Bububu, maili 7, Wamarekani ndo walojenga. Na jina lenyewe ni mlio wa treni, bu-bu-bu.

Babu_Kisimani: Huo uongo kijana. Bububu ni maji, chemchem inavobubujika. Jina lilikuwepo kabla ya hiyo treni yenu.

Malindi_kwetu: Babu, treni haikuanzia hapo, Sultan Barghash alikuwa na reli yake ya Chukwani miaka ya 1870 na kitu.

Babu_Kisimani: Chukwani! Na hiyo mwanzo ilivutwa na nyumbu. Nyumbu nae analia bububu?

Boda_Mkunazini: Jamani turudini kwenye riziki yangu. Usiku nimesoma habari za Phineas Gage, Marekani huko, 1848, alikuwa anashindilia baruti kwenye jiwe wanapasua njia ya reli (samahani babu, reli tena), baruti ikaripuka, chuma cha zaidi ya mita moja kikaingia chini ya shavu kikatokea utosini. Hakufa! Na alikuwa na miaka mingapi? 25, umri ule ule wanosema umeiva. Baadae akenda Chile akaendesha gari la farasi la abiria kwa miaka, na ubongo wa mbele una tundu. Mie mzima ndo mninyime?

mwana_wa_ngambo: Lakini daktari wake aliandika rafiki zake walisema huyu si Gage tena, akawa mtukanaji na hasimamii jambo, kazi yake ya zamani hakurudishiwa. Hilo umelisoma au umeliruka?

Boda_Mkunazini: Utukanaji si kosa la barabarani. Ingekuwa kosa, daladala zote zingekaa gereji.

Bi_Mwalimu: 😂 Lakini Boda kagusa kitu, kuendesha farasi wale njia mbovu, abiria, ratiba, si kazi ya mtu asoweza kubadilika, kwa hivo huenda alipona kuliko tunavohadithiwa. Wa kuwatazama hasa ni wagonjwa wa Brenda Milner, mtafiti wa ubongo, Montreal, 1963. Walikatwa kipande cha ubongo wa mbele kwa ajili ya kifafa. Unapewa karata uzipange, huambiwi kwa rangi, umbo au idadi, unaambiwa tu sawa au si sawa. Ukishazoea rangi, kanuni inageuzwa kimyakimya iwe umbo. Mtu mzima wa afya anakosea kidogo anahama. Wale wanaambiwa si sawa, si sawa, na bado rangi.

karafuu_mbichi: Kama Malindi na treni yake.

Malindi_kwetu: Picha ninayo! Nikirudi nyumbani ntaiweka, aone babu.

Bi_Mwalimu: Halafu mnanisahaulisha la maana. Utafiti wa 2005, Gardner na Steinberg, watu 306 wakicheza mchezo wa gari kwenye kompyuta. Wenzao wakiwepo pembeni, watoto na vijana walizidisha kujihatarisha kuliko watu wazima. Kwa hivo kama nataka sheria, ntaanza na mishikaki, kubeba abiria wawili watatu kwa pamoja, na zile mbio za magenge ya usiku, umri baadae.

Boda_Mkunazini: Mishikaki sibebi. Labda shoga zako wawili wakilazimisha mvua ikinyesha.

Bi_Mwalimu: Shoga zangu wana miaka 60, hawakulazimishi, umewaita mwenyewe.

mwana_wa_ngambo: Sasa leseni je, 25 au si 25? Mzee ananisubiri barazani nimpelekee jibu.

Babu_Kisimani: Leseni ya treni?