Nimeuziwa i7-8700 kwa ajili ya OptiPlex 7050, haiwaki, na sasa naambiwa nimepinda pini

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira, sitazunguka. Nimetoa laki mbili na themanini kununua prosesa, ubongo wa kompyuta, Core i7-8700. Niliwaambia dukani wazi kwamba mashine yangu ni Dell OptiPlex 7050, wakasema inaingia. Kuingia imeingia. Kuwaka haijawaka, na pesa hawarudishi.

Nianze na mashine ili mnielewe. Ni 7050 ile ya mnara, hizi zinazotolewa maofisini huko nje na kuletwa kwa makontena. Niliinunua Kariakoo ikiwa na i5-6500 na ramu ya GB 8. Nikaongeza ramu ikafika 16, nikapachika kadi ya picha, GTX 1050 Ti. Kadi hiyo niliichagua kwa hesabu: pawasaplai ya mashine hii ni wati 240 tu, na 1050 Ti niliyopata inakula kama wati 75 inazopewa na bodi kuu (motherboard) yenyewe, haidai waya wa pembeni. Kwa kipato changu hiyo ndiyo mashine ya gemu, na nimeijenga kwa miezi, kifaa kimoja kimoja.

Kilichobaki kunitesa ni prosesa. i5-6500 ina kori nne (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi nne (kazi inazoshika kwa pamoja), basi. Ukicheza GTA V ukawa unakimbiza gari katikati ya mji, picha inakatika, gari linaruka kutoka hapa hadi pale kama limefutwa njiani. Ukifungua Task Manager unakuta prosesa iko asilimia 100 na kadi iko 55 au 60, imekaa inasubiri. Hapo hata uweke kadi ya milioni hupati kitu.

Nilichokuwa nimelenga ni i7-7700. Kori nne lakini nyuzi nane, inapanda hadi gigahezi 4.2, wati 65 sawa na i5 yangu, kwa hiyo feni na pawasaplai vinabaki vilevile. Na 7050 imetengenezwa kwa vizazi viwili, cha sita na cha saba (kizazi ni tarakimu ya kwanza baada ya i5 au i7). Nilifika kaunta nikaitaja kwa namba kamili.

Kijana wa kaunta akaniambia, "Kaka, saba ya nini? Chukua ya nane. Kori sita, nyuzi kumi na mbili, halafu Windows 11 inaikubali."

Hapo ndipo aliponishika, maana yote aliyosema ni kweli. 8700 ina kori sita na nyuzi kumi na mbili. Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, orodha yao ya Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno za kizazi cha saba, na 7700 haimo. Mdogo wangu anacheza Valorant kwenye mashine hiyohiyo, na Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vile vya ulinzi wa mashine. Nikaona namaliza matatizo mawili kwa pesa moja. Hata hivyo nilimuuliza mara mbili kama 7050 itaikubali. Akaniuliza soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye bodi. Nikamwambia 1151.

"Na hii 1151. 1151 ni 1151, kaka."

Akaifuta kwa kidole gumba, akaitumbukiza kwenye kimfuko cha plastiki, akaandika risiti. Ninayo hapa mbele yangu: "CPU i7, 1pc, 280,000". Hakuna 8700, hakuna kizazi, hakuna chochote ambacho mtu anaweza kukishika kama ushahidi.

Usiku nikafungua mashine. Pesti ya zamani ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama udongo wa ukutani, nikaisafisha taratibu, nikaweka prosesa. Ikakaa sawasawa, vipengo vya ubavuni vikaoana na soketi, mkono ukashuka bila kulazimishwa. Nikabonyeza. Feni ikazunguka, kioo cheusi, taa ya kitufe ikaanza kupepesa rangi ya chungwa. Nikabadilisha nafasi za ramu. Nikachomoa kadi. Nikatoa betri ya bodi, nikasubiri, nikarudisha. Saa saba usiku bado taa ya chungwa. Nikarudisha i5 yangu ya zamani, ikawaka palepale.

Sasa wasiojua wasikie, maana mimi nimejifunza kwa pesa yangu. Intel walipotoa kizazi cha nane cha kompyuta za mezani Oktoba 2017, walibakiza soketi ya pini 1151 kwa umbo lilelile, ila kazi za pini wakazipanga upya. Pini za kupeleka umeme kwenye prosesa zilipanda kutoka 128 hadi 146, kwa kuchukua zile zilizokuwa za akiba, kwa sababu kori sita zinataka umeme mwingi zaidi. Ndiyo maana kizazi cha nane na cha tisa vinataka bodi za mfululizo wa 300, yaani H310, B360, Z370 na wenzake. Bodi yangu ni Q270, ya mfululizo wa 200. Hakuna bayosi ya Dell, ile programu ya kuwashia mashine, itakayoibadilisha. Nasikia kuna mafundi huko nje wanaofunika kwa mkanda baadhi ya vituo vya mguso vya chini ya prosesa na kuchezea bayosi za bodi fulani, lakini mtu hauziwi kitu cha namna hiyo kaunta bila kuambiwa. Muuza prosesa asiyejua jambo hili la tangu 2017 hastahili kuuza prosesa. Na kama alijua, basi alinidanganya nikimtazama usoni.

Kesho yake nikarudi. Mwenye duka alikuwepo. Akaichukua, akaigeuza chini juu, akaisogeza kwenye mwanga, akasema, "Umepinda pini, mdogo wangu. Hii hairudi."

Wakuu, prosesa hii haina pini hata moja! Chini yake kuna vituo bapa vya rangi ya dhahabu. Pini ziko kwenye bodi, na bodi yangu ndiyo ninayoandikia uzi huu. Nikamwonyesha kwa ukucha, kituo kwa kituo, nikamwomba anionyeshe ni pini ipi. Akanyamaza. Kisha akahamia kwenye risiti, kwamba imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Kisha akaja na kile alichokiita msaada: nimwachie 8700, anipe i7-6700, niongeze elfu arobaini. Yaani niache prosesa ya 2017 yenye kori sita, nichukue ya 2015 yenye kori nne, halafu niongeze pesa juu!

Na wakati tunabishana, pembeni yangu kulikuwa na kijana mwingine anauliza bei ya kompyuta iliyobandikwa karatasi "CORE I7". Nikamuuliza i7 ya kizazi gani, hajui, na kijana wa kaunta hakumwambia. Nikasoma stika ya pembeni: i7-3770. Hiyo ni ya 2012, soketi 1155, ramu ya DDR3. Ina kori nne, wakati i5-8400 ya 2017, inayoitwa "i5 tu", ina sita. Mchezo wao wote uko kwenye hilo neno i7 lisilo na namba mbele yake.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iko wazi: ukimweleza muuzaji kitu unakitaka kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Mimi nilimtajia mashine kwa jina na namba. Nisipolipwa naandika malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC, na risiti yao naiambatanisha.

Ninachodai ni kimoja kati ya viwili: 280,000 yangu, au i7-7700 inayowaka mbele ya macho yangu na salio langu. Jumatatu naibeba 7050 yenyewe mpaka kaunta. Nitaiwasha kwa i5, nitaizima, nitapachika 8700 yao, waiwashe wenyewe.

Na wauzaji mlioko humu, andikeni namba nzima kwenye tangazo na kwenye risiti. Mwenye 7700 iliyotoka kwenye mashine nzima aweke bei hapa chini, pamoja na picha ya maandishi ya juu ya prosesa, yasomeke.